Rimu za Peugeot 404

Nani kati yetu aliyekulia Afrika Mashariki asiyeijua Peugeot 404, mshindi wa Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968? Yangu naitunza hapa Maskati, na adui wake ni chumvi ya bahari.

Rimu nazisugua mwenyewe uani, tairi zikishatolewa: burashi ya waya, msasa, kitambaa chenye tina, na rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kisilale nje. Kazi hii ni ya Januari, kivulini. Juni joto hupita digrii 40 na rangi hukauka kabla haijatandaa.

Lakini zinapokaa nati, jamani, msirundike rangi. Ikisagika nati hulegea, na gurudumu likichomoka njia ya Nizwa si mchezo. Mimi hukaza tena baada ya kilomita 50.