Mwalimu wa Kiingereza: Lazima Awe Mzungu?



Hapa Mbaraki kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa za darasa la Kiingereza, vijana wao wapate kazi mahotelini. Mwalimu mstaafu, jirani yao, akajitolea kufundisha. Wakamkataa. Ati wangoje mzungu, maana "yeye ndiye mwenye lugha". Miezi ikapita, mzungu hakuja, vijana wakabaki vile vile.

Wazo hili si geni. Januari 1961 wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Huko ilishikiliwa kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo. Mwaka 1992 mtaalamu Robert Phillipson, ambaye mwenyewe Kiingereza ni lugha ya kwao, aliandika kitabu akalipinga wazo hilo.

Hebu tujipime sisi wenyewe. Kiswahili tumezaliwa nacho. Twasema "kiti changu", lakini "kijana wangu". Mgeni akituuliza kwa nini si "kijana changu", ni wangapi watamweleza? Aliyejifunza atajibu mara moja: kijana ni mtu, kiti ni kitu. Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, hakuzaliwa na Kiswahili, lakini mwaka 1850 alichapisha sarufi yake. Kusema ni jambo moja, kufundisha ni jingine.

Mwalimu wa kwetu ameipita njia ile ile. Anajua mbona mwanafunzi huchanganya "he" na "she": kwetu wote ni "yeye". Mwanafunzi akikwama, atamfafanulia kwa Kiswahili.

Mgeni naye ana faida yake. Ana matamshi na misemo ya kwao, na asipojua Kiswahili, mwanafunzi hana budi kusema Kiingereza. Akija, karibu! Lakini tusimngoje huku tumekunja mikono.

Kabla kikundi hakijatoa pesa, kimwulize mwalimu yeyote, mgeni au mwenyeji:

1. Je, umesomea ualimu?
2. Umewahi kufundisha watu wazima?
3. Utakuwa nasi mpaka masomo yaishe?

Kisha msikilizeni akifundisha siku moja, ndipo muamue.

Swali la kujadiliana kikundini: Ni nani kati yetu ana ujuzi, nasi twamdharau kwa sababu tu ni wa hapa hapa?