Imani, Hiari na Toba katika Kuushinda Uraibu: Ufafanuzi wa Mtazamo wa Kiislamu kwa Mazingira ya Uyole, Mbeya

1.0 Utangulizi

Uyole ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na ile ya Tukuyu na Kyela inayoelekea mpaka wa Malawi. Katika Nyanda za Juu Kusini, pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni zina nafasi katika maisha ya kila siku, ilhali bangi na heroini ni suala la sheria na la tiba. Huduma ya methadoni kwa waraibu wa heroini, iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ilifikishwa Mbeya mwaka 2017. Kwa Mwislamu wa eneo hili, ambako waumini wenzake ni wachache, uraibu unaibua swali zito. Ikiwa mraibu ana hiari, mbona haachi? Ikiwa hana, toba yake ina maana gani? Makala haya yanafafanua jinsi elimu ya Kiislamu inavyolijibu swali hilo, na athari za jibu hilo kwa anayetafuta nafuu.

2.0 Hiari na kadari

Wanateolojia wa Kiislamu waligawanyika mapema kuhusu suala hili. Jabriyya walimwona mwanadamu kama unyoya unaopeperushwa na upepo, asiye na tendo lililo lake. Mu'tazila, kwa upande wao, walishikilia kwamba mja huyaumba matendo yake mwenyewe. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alitetea nadharia ya kasb: Mungu ndiye muumba wa tendo, na mja hulichuma kwa nia na uteuzi wake, hivyo huwajibika nalo.

Nadharia hii ina manufaa katika kuuelewa uraibu. Mraibu aliyeshikwa na arosto hana nguvu sawa na mtu mwenye afya. Hata hivyo, bado ana fungu la uteuzi, hata likiwa dogo: kwenda kliniki au kutokwenda, kupita njia ya kilabuni au kuikwepa, kumwambia ndugu au kuficha. Kwa kuwa Kurani (2:286) inabainisha kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake, wajibu wa mraibu unaanzia kwenye fungu hilo.

Mfano upo Zanzibar, ambako takribani wakazi wote ni Waislamu. Nyumba za upataji nafuu za huko hutumia hatua 12 zilizotokana na Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Hatua ya kwanza humtaka mraibu akiri kuwa ameshindwa kuudhibiti ulevi wake. Kwa mtazamo wa haraka, kukiri huko kunafanana na hoja ya Jabriyya. Lakini kukiri kwenyewe ni tendo la hiari, na Mwislamu hulielewa kama tawakkul: kujikabidhi kwa Mungu baada ya kushika sababu, si badala ya kuzishika.

3.0 Uachaji wa hatua kwa hatua

Katazo la pombe halikushuka kwa mkupuo. Aya moja (2:219) ilieleza kuwa madhara yake yanazidi manufaa yake. Nyingine (4:43) ilizuia kuikaribia sala katika hali ya ulevi. Hatimaye katazo kamili likaja (5:90). Hatua ya kati inastahili kuzingatiwa. Anayesali mara tano kwa siku hubakiwa na saa chache za kulewa na kulewuka, hivyo ratiba ya ibada iliibana ratiba ya ulevi. Wanazuoni hawauchukulii mfuatano huu kuwa ruhusa ya kuendelea kunywa leo, kwani hukumu imekwisha kukamilika. Unachofundisha ni kwamba mazoea hung'olewa kwa kuweka mazoea mengine mahali pake.

4.0 Toba na tiba

An-Nawawi anataja masharti matatu ya toba: kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Haki ya mtu ikihusika, huongezwa la nne, yaani kuirejesha. Kwa mraibu aliyeuza mali ya nyumbani, sharti hilo huigeuza toba kuwa kazi ya kujenga upya uaminifu wa familia. Kurudia ulevi baada ya kuazimia kwa dhati hakubatilishi toba ya awali. Kunadai toba mpya. Aya ya 39:53 inakataza kukata tamaa na rehema.

Hatari hutokea pale imani inapotumiwa kuipinga tiba, mathalani mraibu anapoambiwa aache methadoni kwa kuwa dua inatosha. Kukatiza dozi ghafla hurudisha arosto na humweka karibu na heroini, ambayo sasa inaweza kumuua kwa kuwa ustahimilivu wa mwili umepungua. Mtume aliamuru watu wajitibu, na kanuni ya dharura hutoa nafasi ya tiba isiyo na mbadala ulio sawa nayo. Vivyo hivyo katika Ramadhani: dozi humezwa kila siku mbele ya mhudumu, na mgonjwa ana ruhusa ya kisheria (2:184–185). Saa za dozi hupangwa na daktari, na hukumu ya funga huulizwa kwa shehe. Mraibu hapaswi kuachwa aamue yote mawili peke yake.

5.0 Hitimisho

Mtazamo wa Kiislamu haumwoni mraibu kuwa mateka asiye na lawama wala mkaidi asiye na ugonjwa. Ni mgonjwa anayewajibika kwa kiasi cha uwezo wake, na uwezo huo hukua kadiri unavyotumiwa. Kwa msikiti mdogo wa Uyole, wajibu unaofuata uko wazi: kumpokea mraibu katika safu ya sala, na kumsindikiza hadi kliniki.