Sodiamu: Madini Yaliyo Ndani ya Chumvi

Katika kila jiko mna chumvi, lakini ni wachache wanaojua ya kuwa ndani yake mna madini. Jina lake ni sodiamu. Mwaka wa 1807, huko London, Mwingereza Humphry Davy aliitenga mara ya kwanza kwa nguvu ya umeme.

Sodiamu ikiwa peke yake hung'aa kama fedha, nayo ni laini hata kisu huikata. Lakini ni kali sana. Ikiguswa na maji hupata moto, pengine hupasuka kwa kishindo. Kwa hiyo huwekwa ndani ya mafuta, ili maji na hewa visiifikie. Ikishikamana na klorini, ambayo ni hewa ya sumu, ndipo tunapata chumvi ya chakula.

Kazi yake mwilini. Sodiamu husaidia damu kushika maji kwa kipimo, na mishipa ya fahamu kufanya kazi. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na sodiamu. Basi maji matupu hayatoshi. Ukipata pakiti ya dawa ya kuharisha kwenye kituo cha afya, itumie hiyo. Kama haipatikani, fanya hivi:

1. Chemsha lita 1 ya maji, yaache yapoe.
2. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari.
3. Tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, isizidi.

Vijiko visiwe na kilima. Onja kwanza: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage, maana chumvi ikizidi yaweza kumwua mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo, wala usiache kumnyonyesha. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, au ukiona damu katika choo, mpeleke hospitali.

Kwa watu wazima. Chumvi nyingi hupandisha nguvu ya damu katika mishipa. Kwa siku nzima usifikishe gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja. Hesabu pia ile iliyomo katika makayabu. Yaloweke na kumwaga maji kabla ya kupika.

Hatari nyumbani. Sodiamu imo pia katika soda kostiki, ambayo mama wengi hununua ili kutengeneza sabuni. Ni nyeupe, na mtoto huidhani kuwa sukari. Akiimeza, huunguza kinywa na koo, na kovu lake laweza kuziba njia ya chakula. Usiiweke kamwe katika chupa ya kinywaji. Ifunge, uiweke juu mbali na watoto. Wakati wa kuchanganya, tia soda polepole ndani ya maji baridi. Usimwage maji juu ya soda.

Mtoto akiimeza, usimtapishe, kwa kuwa inayorudi itamwunguza mara ya pili. Msukutulishe kinywa kwa maji, mpeleke hospitali saa ile ile. Usingoje kesho, hata kama ameacha kulia.