Kwa nini majani ya chini hugeuka manjano

MKULIMA wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, aonapo majani ya chini ya ndengu yakigeuka manjano, mara nyingi hulaumu jua au wadudu. Huenda asikosee. Hata hivyo, upo uwezekano mwingine: mmea wenyewe umeamua kuyatoa mhanga majani yake makuukuu.

Sababu imo katika vifuko vidogo vya kijani ndani ya seli za jani, viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo mmea hutumia nguvu za jua kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni. Protini inayoinasa kaboni hiyo huitwa rubisko, nayo huhitaji nitrojeni nyingi kuiunda. Katika mimea kama ndengu na kunde, takriban robo tatu ya nitrojeni ya jani huwa ndani ya kloroplasti.

Kaboni na nitrojeni lazima ziende sambamba, kwani nitrojeni haiwi protini bila kuunganishwa na kaboni. Mwaka 1998 wanasayansi walieleza kuwa mimea nayo ina protini ya PII, iliyokuwa ikijulikana kwa bakteria. Protini hiyo hukaa katika kloroplasti na kupima hali ya virutubisho. Nitrojeni ikiwa tele, huchochea utengenezaji wa arginini, ambayo ni akiba ya nitrojeni.

Nitrojeni ikipungua, mmea huvunja rubisko ya majani ya chini na kupeleka nitrojeni yake kwenye machipukizi na mbegu. Ndiyo maana umanjano huanzia chini. Ukitokea wakati maganda yanakomaa, ni jambo la kawaida. Ukitokea mapema, huenda mmea una njaa.

Ukame huzidisha tatizo. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu vya majani, na hewa ya kaboni hukosa njia ya kuingia. Sukari ikipungua, mbolea nayo haina manufaa makubwa. Kwa ndengu hasara ni maradufu, kwa kuwa bakteria wa vinundu vya mizizi, wanaoupatia mmea nitrojeni kutoka hewani, hulishwa kwa sukari hiyo hiyo.

Kwa hiyo samadi na maji havitengani. Matuta ya "fanya juu", yaliyoenea Ukambani, hushikilia maji ya mvua shambani, na kwa kufanya hivyo huiwezesha mimea kuitumia mbolea ambayo mkulima ameigharimia.