Ucheleweshaji wa Pili: Dharura za Uzazi katika Kata ya Kakesio

Thaddeus na Maine (1994) walibainisha aina tatu za ucheleweshaji unaochangia vifo vya uzazi: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Uainishaji huo unaeleza kwa nini dharura moja huwa na hatima tofauti kulingana na mahali.

Mfano bayana ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hali inayoweza kumuua mama ndani ya saa chache. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako Idara ya Tiba ya Dharura ilifunguliwa mwaka 2010, mgonjwa hukuta damu ya kuongezewa, chumba cha upasuaji na wataalamu wa zamu. Kwake, ucheleweshaji unaobaki ni wa tatu.

Kakesio, kata ya wafugaji iliyo kusini-magharibi mwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, hukabiliwa zaidi na ucheleweshaji wa pili. Kwa miaka mingi kimbilio la karibu lilikuwa hospitali ya Endulen, iliyofikiwa kwa barabara ya udongo isiyotegemeka wakati wa mvua. Shirika la Flying Medical Service la Arusha, lililoanzishwa mwaka 1983, liliwasafirisha wagonjwa mahututi kwa ndege ndogo kutoka vijiji vya Wamaasai. Mwaka 2022 safari hizo zilisimamishwa. Mwaka huohuo mfumo wa m-mama, unaotumia namba 115, ulizinduliwa kitaifa. Hata hivyo, mfumo huo huhitaji mawasiliano ya simu na barabara inayopitika.

Hivyo basi, katika mazingira hayo tiba haina budi kuanza kabla ya safari. Oksitosini huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, ilhali misoprostoli haihitaji jokofu. Aidha, utafiti wa WOMAN (2017) ulionesha kuwa asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vitokanavyo na damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua. Kwa hiyo zahanati yenye dawa hizo na mhudumu aliyefunzwa kuzitumia humwongezea mama muda wa kufika.

Suala hili linagusa pia mbinu za utafiti. Kumbukumbu za hospitali huhesabu waliofika. Anayefariki njiani haingii katika takwimu hizo, na kata iliyo mbali zaidi yaweza kuonekana kuwa na vifo vichache.