Bolti Iliyokatikia Ndani ya Fremu

Kabla hujashika drili, tafuta kichwa cha bolti kilichodondoka, kifute, ukitazame juani pale kilipokatikia.

Kijana mmoja aliniletea baiskeli yake ya milimani, ile yenye shokapu mbele na nyuma, akitoka kuiendesha Usambara. Bolti ya kiungo kikubwa, kilicho juu kidogo ya pedeli, ilikuwa imekatika shingoni. Kichwa alikuwa nacho mfukoni. "Nilipiga jiwe, fundi, ikakatika palepale," akasema. Nikamwonyesha. Zaidi ya nusu ya mkato ilikuwa laini, imefifia, ina mistari myembamba iliyopinda kama ile ambayo maji yakipwa huiacha mchangani. Sehemu iliyobaki ilikuwa na chengachenga za kung'aa kama sukari. Ile sehemu laini ni ufa uliokuwa ukitembea polepole siku nyingi. Jiwe lilikuta kazi imeshafanyika.

Bolti iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaobana vipande vya fremu visisogee. Ikilegea, vipande vinaanza kucheza, na bolti inageuka kijiti kinachopindwa huku na huku kila gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka. Metali huchoka kwa kupindwapindwa, na alumini huchoka upesi kuliko chuma. Bolti nyingi za viungo hivi ni za alumini, ili baiskeli iwe nyepesi.

Mara nyingi kinacholegeza bolti ni beringi. Beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko mzima, kwa hiyo grisi inaenea. Ya kiungo hutikisika digrii chache tu, golori zikisugua mahali palepale, grisi inasukumwa pembeni na maji ya tope yanaingia. Ikishakwama kwa kutu, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapocheza unaivuta bolti nayo izunguke, kidogo kidogo. Ukibadilisha bolti ukaiacha beringi mbovu, hiyo mpya nayo itakatika. Beringi ya kijana huyu niliizungusha kwa kidole ikakwaruza kama ina mchanga.

Sasa kipande kilichobaki ndani. Watu wengi huogopa hapa, na woga huwapeleka kwenye drili mapema mno. Kichwa kikishakatika, ule mvuto umekwisha. Kipande hakijabanwa tena, kinashikwa na kutu au gundi ya nyuzi za bolti tu. Toa kwanza upepo wote wa shokapu ya nyuma ili kiungo kisiwe na mzigo. Hakikisha uzi ni wa kawaida, kwa sababu fremu nyingine zina uzi wa kinyume upande mmoja. Weka mafuta ya kupenya, uache usiku kucha. Asubuhi, chukua chombo chenye ncha kali, uiegemeze ukingoni mwa kipande, ukisukume kuelekea kinakofungukia kwa vipigo vidogo vya nyundo. Kipande cha kijana kilikaa kimya karibu robo saa, kisha kikasogea upana wa unywele. Baada ya hapo nilikitoa kwa vidole.

Kikigoma, piga alama katikati kabisa kwa panchi, uanze na keekee ya milimita 3. Kama bolti ni ya chuma na fremu ni alumini, keekee ikiteleza itakimbilia upande laini na kula uzi wa fremu, kwa hiyo usiharakishe. Keekee zinazokata kwa kuzunguka kushoto ni bora sana kwa bolti ya uzi wa kawaida: mara nyingi hunasa na kukifungua kipande chenyewe. Kile chombo cha kung'olea chenye umbo la pia kiwe cha mwisho. Ni kigumu lakini hukatika upesi, na kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikigusi. Fremu ya kaboni usiipashe moto kamwe. Joto linaua gundi inayoshikilia nyuzi zake.

Bolti mpya usiifuate duka la vifaa vya ujenzi. Nakusihi. Bolti ya kiungo ina shingo nyororo iliyopimwa ikae ndani ya beringi bila nafasi. Ile ya dukani inaweza kufanana nayo kwa unene, lakini meno yake yanafika hadi chini ya beringi, na kiungo kinaanza kucheza tangu siku ya kwanza. Agiza kwa aina ya fremu na mwaka wake, hata kama utasubiri. Na usiipande baiskeli wakati unasubiri, kwani mkono wa nyuma unajipinda na fremu inaweza kupasuka.

Safisha uzi wa fremu kwa spiriti. Grisi ipakwe shingoni, gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati kwenye meno, visichanganyike. Kaza kwa spana ya kipimo. Mara nyingi ni kati ya nyutonimita 10 na 20, lakini namba ya kufuata ni iliyoandikwa kwenye bolti yenyewe au kwenye kitabu cha fremu. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye fremu, na uiache baiskeli siku nzima gundi ikauke.

Kijana alirudi baada ya safari yake ya kwanza. Tuliinama pamoja: mstari ulikuwa umenyooka. Niliweka spana ya kipimo, ikalia kabla bolti haijasogea.