Lugha ngeni ya kompyuta na kilo za mkulima

MKULIMA wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa akishapima mzigo wake katika chama cha msingi, hubaki na stakabadhi. Korosho huenda ghalani, kisha mnadani chini ya Chama Kikuu cha RUNALI, kinachohudumia pia Liwale. Fedha huja baadaye kupitia benki. Tangu msimu wa 2024/2025 minada hiyo imekuwa ikiendeshwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kilo za mkulima sasa zimo ndani ya programu za kompyuta, nazo huandikwa kwa lugha zake maalumu.

Mkulima hana haja ya kuzijua. Ofisi inayoagiza programu ndiyo yenye kuuliza. Tuseme fundi kijana anataka rejesta ya ghala iandikwe kwa lugha isiyo na watumiaji wengi, akiiona inafaa kuliko Java au PHP zilizozoeleka. Mkuu wake akubali?

Kisa cha Erlang kinasaidia. Joe Armstrong na wenzake walianza kuibuni mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson, Sweden, ili mitambo ya simu iendelee kufanya kazi hata sehemu yake moja inapoharibika. Pamoja na sifa hiyo, mwaka 1998 kitengo kimoja cha kampuni hiyo hiyo kiliipiga marufuku katika bidhaa mpya, kikitaka lugha zinazofahamika na wengi. Mwishoni mwa mwaka huo ikatolewa bure kwa umma. WhatsApp ikajengwa kwayo. Iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, ilikuwa na wahandisi 32 tu kwa watumiaji milioni 450.

Basi uchache wa wanaoijua lugha si dosari ya lugha yenyewe. Lakini 32 si mmoja. Fundi pekee akihamishwa Oktoba, minada ikiwa imeanza, nani atasahihisha kilo zilizokosewa?

Hapo ndipo mwandishi huyu anaposita. Kijana na aanze na kazi ndogo isiyogusa malipo, kwa mfano ripoti ya magunia matupu. Amfundishe mwenzake, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Kisha aende likizo wiki mbili. Mwenzake akishindwa kuirekebisha ripoti, itaandikwa upya kwa lugha iliyozoeleka, na hakuna mkulima atakayekuwa amecheleweshewa fedha zake.